Nilikataliwa rezidensi ya macho, nirudie ama niachane nayo?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni medikali ofisa kwa hospitali ya sabkaunti huku upande wa Mumias, nilimaliza intanshipu miaka 3 iliyopita. Mwaka jana niliaplai rezidensi ya macho, yaani masomo ya kuwa daktari bingwa wa macho, na sikuitwa hata intaviu, wala hawakusema shida ilikuwa nini. Kwa barua yangu niliandika kwamba napenda macho tangu nikiwa mdogo na kwamba jicho ni dirisha la roho. Sina risachi yoyote, maksi zangu za chuo ni za katikati, halafu wenzangu wananiambia ati naenda kusomea kuuza miwani. Nirudie ama nihamie udaktari wa watoto? Na nikirudia, niende chuo kikuu ama ile kolegi ya kanda? – Dada wa Mumias

JIBU: Dada, rudia. Maksi za katikati zisikunyime usingizi, hata zangu zilikuwa hivyo hivyo na leo nashinda nikifungua macho ya watu.

Mimi naona shida ni hiyo barua. Dirisha la roho litoe kabisa, kwa sababu anayesoma haoni mahali popote kwamba umewahi kukaa na mgonjwa wa macho ukaangalia kitu. Hebu nikwambie ya kwangu. Nikiwa bado medikali ofisa, hospitali moja ya huku magharibi, kambi ya macho ilikuja na mimi nikapewa kazi ya kuchuja wagonjwa wa oparesheni. Akaja mzee mmoja, jicho la kulia mtoto wa jicho mweupe kabisa, unamuona ukiwa mlangoni. Nikaandika apelekwe thieta, nikamwambia bintiye kesho baba ataona. Oparesheni ikaenda vizuri, asubuhi bandeji ikatolewa, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, safi, lenzi imekaa mahali pake, na mzee akasema bado giza. Neva ya jicho ilikuwa imekufa zamani kwa glakoma, ugonjwa unaoua neva hiyo, na mimi ningejua jana yake kwa tochi ya shilingi mia mbili.

Hiyo ndiyo nataka uijue kabla hata ya kushika fomu. Chumba kiwe na giza, mgonjwa aangalie mbali, mulika jicho moja, hesabu sekunde 2 ama 3, peleka tochi upesi kwa lile lingine, halafu urudi. Mboni inafaa kukaza, yaani iwe ndogo, ama ibaki imekaza. Ukiona mwanga umefika na mboni inapanuka, simama hapo hapo, huyo ana shida ya neva ama retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeharibika vibaya. Mtoto wa jicho peke yake haufanyi hivyo hata uwe mweupe kama maziwa. Wakati mwingine bado utaamua afanyiwe, lakini familia itakuwa imeambiwa ukweli mapema. Mzee wangu hakuambiwa, na bintiye alivyoniangalia asubuhi ile sijasahau.

Nilipoaplai niliandika kuhusu huyo mzee, vile nilikosea na kile nilianza kufanya kuanzia siku hiyo, basi. Kwa intaviu waliniuliza kuhusu yeye peke yake karibu muda wote. Wewe pia unaye wako, lazima, labda mtoto wa shule mwenye macho mekundu aliyezungushwa na dropsi za stiroidi za duka la dawa mpaka presha ya jicho ikapanda. Andika huyo.

Kama hujamwona bado, nenda umtafute. Kutoka Mumias kufika hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga si safari ya kukushinda, omba barua kwa mkubwa wako uulize kama watakuruhusu kukaa kliniki siku zako za ofu, ama uulize Kisumu pale hospitali ya rufaa ya Jaramogi. Na hapo kwenu kama kuna klinikali ofisa wa macho, keti kando yake. Hao ndio wamebeba macho ya kaunti hizi, atakufundisha sliti lampu na oftalmoskopu, zile mashine za kuangalia jicho mbele na ndani, kuliko kitabu, mradi uende kwa heshima usijifanye daktari mkubwa.

Mikono nayo uianze sasa. Buchari wa hapo sokoni muombe macho ya mbuzi wa asubuhi, konea ikiwa bado haijapata ukungu, na thieta waombe nyuzi zilizoeksipaya. Ile yetu ya macho, nailoni saizi 10-0, ni nyembamba kuliko unywele na bila hadubini utaiona kwa taabu, kwa hivyo anza na nene zaidi. Shona konea, kata, shona tena. Utashangaa vile pumzi yako tu inatikisa sindano. Na upimwe macho yako pia, uone kama yote mawili yanafanya kazi pamoja kupima kina, maana chini ya hadubini utaihitaji kila dakika.

Risachi isikutishe. Najua ukisikia Nakuru, mwaka 2007 na 2008, watu 4,414 wa miaka 50 kuendelea walipimwa macho na miaka kadhaa baadaye wakafuatwa tena, na huko huko programu ya simu ya kupima macho, Peek, ikajaribiwa dhidi ya chati za kawaida, unadhani ni lazima ufanye kitu cha ukubwa huo. Chukua faili 50 za kliniki yenu ya sukari, angalia ni ngapi zimeandikwa mgonjwa aliangaliwa retina. Pata ruhusa kwanza, ukimaliza peleka majibu kwa mkutano wa hospitali.

Chuo kikuu ama kolegi? Kolegi ya kanda, COECSA, ile ya madaktari wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, imekuwepo tangu 2012, na kwa njia yake unajifunzia hospitalini ukifanya kazi chini ya wasimamizi, digrii ya MMed, masters ya udaktari, unaipata chuo kikuu. Mimi singechagua kwa jina. Tafuta rezidenti wa mwaka wa mwisho wa kila mahali umuulize kitu kimoja, umefanya oparesheni ngapi kwa mkono wako mwenyewe, si kushikilia mwanga, akuonyeshe logibuku, daftari la oparesheni zake. Mwenye atakujibu bila kufikiria ndiye wa kufuata.

Kaunti sasa, maana hapo ndipo watu wengi wanakwama. Omba stadi livu mapema kabla majibu hayajatoka, na bondi usome kila mstari, miaka mingapi utarudi kuwafanyia kazi, na kama wameahidi hadubini ya thieta ukirudi iandikwe humo ndani, kwa sababu daktari wa macho bila hadubini atabaki kuandika rufaa tu. Barua mpya ukiiandika nitumie niisome kabla hujaiposti.