Forester turbo: EJ20 ya SH5 au FA20 ya SJG kwa safari za Masasi, Newala na Mtwara

Mkuu, umesema uko Masasi, kila wiki unashuka Mtwara, mara nyingine unapanda Newala na mzigo. Mezani una Subaru Forester XT mbili, yaani zenye turbo: toleo la SH5 lenye injini ya EJ20 na toleo la SJG lenye FA20, na mafundi wako hawaelewani. Mimi ningechukua SJG, kwa masharti mawili: uhakika wa oili sahihi na uhakika wa petroli safi. Yakikushinda, chukua SH5.

Nguvu kwanza, haraka. EJ20 hiyo inatoa nguvu farasi 230, na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 319 inaipata injini ikiwa kwenye mizunguko 2,800 kwa dakika. FA20 ina farasi 280, na Nm 350 zake zipo kuanzia mizunguko 2,000 mpaka 5,600. Mlima wa Newala utakuonyesha tofauti: SH5 inataka uikanyage mpaka turbo iamke, SJG inavuta tangu chini. Sababu ni kwamba pistoni ya EJ20 ni pana na safari yake fupi, mm 92 kwa 75, wakati FA20 ni mm 86 kwa 86. Tena turbo ya FA20 imeshushwa chini mbele ya injini, karibu na matundu ya moshi, na moshi unaingia kwa njia mbili zilizotenganishwa. Ya EJ20 imekaa juu nyuma, moshi unasafiri mbali kuifikia.

Sasa tuangalie kila moja inauawa na nini.

EJ20 ina mkanda wa taimingi, unaozungusha kamshafti za valvu, na muda wake ni km 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na umeua silinda hedi. Namba za dashibodi ya gari la mtumba usizitegemee. Gari likifika badilisha mkanda, tensheni (kikazio cha mkanda), roli zote na pampu ya maji kwa pamoja. Makosa yanayofanyika hapa ni yale yale kila siku. Kwenye gia ya krenki kuna mshale na kuna kistari kidogo ukingoni kwa nyuma: alama ya kufuata ni kistari, mshale utakupoteza. Kamshafti za upande wa kushoto zimebanwa na springi za valvu, kwa hiyo mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe na kupinda valvu. Fundi azishike kwa spana, asizizungushe ovyo. Tensheni nayo ibanwe kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, taratibu, dakika kadhaa, ndipo uchomeke pini. Ukiibana kwa pupa sili yake inapasuka na mkanda utalegea baadaye.

Kingine ni bolti ya oili inayopeleka turbo. Ina tundu katikati, na kwenye nyingi kuna kichujio cha wavu ndani, kidogo kiasi cha ncha ya kidole. Oili ikichelewa kubadilishwa, tope linaziba wavu, turbo inakaa kavu na beringi zake zinakwisha. Watu wananunua turbo nyingine, wanaifunga, nayo inakufa ndani ya wiki chache kwa sababu wavu haukuguswa. Ifungue, isafishe au weka mpya, na washa za shaba ziwe mpya pande zote mbili. Kabla ya kuwasha, chomoa soketi za koili na za nozeli, piga stata mara tatu nne ili oili ifike.

Kulanti (maji ya kupoozea injini) ya EJ20 hujazwa kwenye tangi dogo la chuma lililo juu ya injini. Ukijaza kwenye rejeta peke yake hewa inabaki ndani, na gari litachemsha. Maji ya kisima ya huku pwani yana chumvi, yanakula alumini, kwa hiyo usiyatie hata kwa dharura ukaacha hivyo.

Tukija FA20, inatumia cheni, kwa hiyo mkanda sahau. Ila kila kitu kimehamia kwenye oili na petroli. Nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti mgongoni mwa valvu kuziosha kama kwenye EJ20. Mvuke wa oili unagandia pale na kuwa masizi magumu. Gari linatetemeka likiwa la baridi na kukosa moto silinda moja moja. Dawa ni kutoa manifoldi ya hewa na kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa. Maganda ya korosho tunayo tele ila hayafai, yana mafuta makali yanayounguza.

Hatari kubwa zaidi ni mchanganyiko kujiwasha kabla ya plagi, turbo ikisukuma nguvu huku mizunguko iko chini. Pistoni inavunjika kipande kwenye mifereji ya ringi. Ndiyo maana nasema oili sahihi: sintetiki ya 5W-30 yenye maandishi API SP (daraja la ubora wa oili) kwenye kopo, lita 5.1 pamoja na filta, kila km 5,000. Ukipanda mlima na mzigo usiikandamize ikiwa kwenye mizunguko 1,500. Shusha gia kwa vitufe vya usukani ili mizunguko ipande juu ya 2,500. Na petroli ya madumu ya vijijini usiiguse, pampu ya presha kubwa haivumilii uchafu wala mafuta ya taa.

Giaboksi ni jambo ambalo mafundi wako hawajakutajia. SH5 ya lita 2.0 ina otomatiki ya gia nne yenye kijiti cha kupimia, au manyuo. SJG XT ni CVT tupu (otomatiki inayotumia cheni na puli badala ya gia), haina kijiti. Kiwango cha oili kinapimwa kwa kufungua bolti ya pembeni, injini ikiwa inaunguruma na oili ya giaboksi ikiwa nyuzi 35 hadi 45. Oili yake ni ya CVT ya torki kubwa pekee. Ukitia ya otomatiki ya kawaida, cheni ya ndani inateleza na giaboksi limekwisha.

Kabla hujalipa, iwashe SJG asubuhi ikiwa baridi kabisa. Sikiliza kama cheni inapiga kelele sekunde tano za kwanza, kisha ingiza kamera ndogo kwenye njia ya hewa utazame masizi kwenye valvu. Ukiamua kuchukua SH5 kwa sababu ya bei, fungua ile bolti ya turbo hapo hapo na uangalie wavu kwa macho yako.