Jibu: Kwa nini uchafu wa mafuta unarudi baada ya kupandikiza bakteria

Mkuu, umeuliza kwa nini bakteria wa kula mafuta wakipandikizwa kisimani maji yanasafika, halafu baada ya miezi petroli inaonekana tena. Ni kwa sababu tabaka la chini ya ardhi halifanani kila mahali. Maji hupita penye wepesi, kwenye changarawe na mchanga wa chembe kubwa, na bakteria hubebwa humo humo. Uchafu nao ulishapenya taratibu kwenye udongo wa mfinyanzi, ambako maji ni kama yamesimama. Mchanga ukisafika, ule wa kwenye mfinyanzi unaanza kuvuja kurudi nje.

Kuufuata humo ndani ni shughuli. Bakteria ana urefu wa kama mikromita 1 hadi 2 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na matundu mengi ya mfinyanzi ni madogo kuliko yeye. Akijitahidi sana atakaa mpakani mwa mchanga na mfinyanzi, na hapo ndipo kuogelea kunalipa. Baadhi ya aina za bakteria Pseudomonas putida huihisi toluini, kemikali iliyomo kwenye petroli, na kuifuata, kwa kasi ya makumi ya mikromita kwa sekunde. Maji yanayokwenda mita 1 kwa siku hayafiki hata mikromita 12 kwa sekunde, kwa hiyo si haba. Ila anageukageuka njiani, na penye mkondo mkali atasombwa tu.

Kuna na kunata: maji yakiwa na chumvi nyingi, wengi hugandia mchanga palepale kisimani, wanazaliana na kuziba njia.

Mimi ningepima tabaka kabla ya kununua bakteria. Kwenye petroli, mara nyingi bakteria wenyeji wapo tayari, wamekosa oksijeni tu.