Pawa saplai ya kimya ijaribu mchana wa jua

Pawa saplai, kile kiboksi kinachoigawia kompyuta umeme, ikiwa mpya karibu zote ni kimya dakika tano za kwanza. Usiisifie hapo. Fungua gemu zito saa nane mchana, chumba cha bati, jua la Nyegezi, hapa Mwanza, likiwa juu, ucheze angalau saa nzima. Hapo ndipo utajua umenunua nini.

Kompyuta yangu ya gemu ipo kwenye kesi ndogo inayokaa pembeni ya skrini, kwa hiyo kila sauti naipata. Kesi za namna hii huchukua pawa saplai ya saizi ya SFX: upana milimita 125, kimo 63.5, urefu 100. Feni yake mara nyingi ni ya milimita 92, na feni ndogo hulazimika kuzunguka kasi ili kutoa joto lile lile. Kesi ikiruhusu SFX-L, yenye urefu wa milimita 130 na feni ya 120, chukua hiyo bila kusita.

Sasa kuna ile sifa wauzaji wanayoipigia debe: feni kuzima kabisa mzigo ukiwa mdogo. Kwenye chumba chenye ubaridi ni raha. Kwetu joto hujikusanya ndani, feni inashtuka, inavuma, inazima, baada ya muda inashtuka tena. Sikio huzoea mvumo mmoja wa chini, ila halizoei kitu cha kuwaka na kuzima. Yangu ina swichi nyuma ya kuondoa hali hiyo, na nimeiondoa. Feni inazunguka polepole muda wote, na nikikaa kitini naisikia ya kadi ya picha tu. Kama unanunua leo, ulizia swichi hiyo kabla ya kuulizia taa za rangi.

Sauti nyingine ni mlio mwembamba kama wa mbu. Huo si wa feni, ni wa koili, yaani waya uliozungushwa unaotetemeka umeme ukipita, na hujitokeza sana kwenye menyu ya gemu, fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) zinapopanda hadi mamia kwa sekunde. Weka kikomo cha fremu 60 usikilize kama unapungua. Kujua unatoka wapi, chukua kile kikaratasi kigumu cha katikati ya tishu, upande mmoja sikioni, mwingine uupeleke kwenye kadi, kisha kwenye pawa saplai. Utashangaa mara ngapi mkosaji ni kadi.

Jaribu na UPS pia, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukienda, maana umeme hukatika. Hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani ukiwa ndani ya gemu. UPS nyingi za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa umeme wa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini kama la ukutani, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi: zinanguruma, au mashine inazima palepale. Wakati wa kununua UPS soma wati, usidanganyike na namba ya VA (volti mara ampea), ambayo huwa kubwa zaidi.

Mwisho, chujio. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa usiku na feni inawavuta ndani pamoja na vumbi. Weka wavu kwenye tundu la hewa, uusafishe kwa brashi mara kwa mara. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata ukiwa umechomoa waya: kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya volti mia kadhaa.