Cheni ya taimingi ikikatika: kwa mafundi wapya wa kwodi

Kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya kwanza niliyoifungua kwa ajili ya cheni ya taimingi iliyokatika, yaani cheni inayounganisha kranki na kamshafti, ilibidi niifungue mara mbili. Ilikuwa ya kukodishia wageni, imezimika njiani karibu na Paje, Zanzibar. Nilifungua upande wa magineti, nikatoa vipande, nikaweka cheni mpya, nikalinganisha alama, nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa wepesi kama vile haina plagi, na haikuwaka. Valvu ya ekzosi ilikuwa imepinda. Kazi ya siku nzima ikaenda bure.

Kwa hiyo, wadogo zangu, cheni ikikatika anzeni kwenye valvu. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, husimama palepale, lakini kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, bado ina kasi, na valvu iliyobaki wazi inaweza kugongwa na pistoni inayopanda. Shusha hedi, iache na plagi yake, mimina petroli kidogo kwenye tundu la kuingizia hewa na lile la ekzosi, kisha tazama upande wa pili kwa dakika chache. Petroli ikichuruzika kwenye kiti cha valvu, hapo pana kazi. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara.

Halafu hesabu vipande vya cheni. Vipange juu ya kitambaa mpaka duara litimie. Pakipungua pini moja, imo ndani ya injini, na usifunge kabla hujaiona. Mwaga oili, toa chujio lake, pitisha sumaku chini.

Tafuta pia kilichoikata. Mara nyingi nimekuta tenshena, kifaa kinachoikaza cheni, imekwama, cheni ikalegea na kupiga kuta za njia yake kwa muda mrefu, kelele ambayo dereva aliizoea. Kagua reli za plastiki zinazoongoza cheni, na meno ya sproketi zote mbili, yaani gia za cheni, ya juu kwenye kamshafti na ya chini kwenye kranki. Meno yaliyochongoka yataila cheni mpya. Na oili, jamani! Mashine hizi huwekewa oili kidogo na hushinda juani kwenye vumbi na mchanga. Oili ikichakaa, pini za cheni ndizo huumia mapema.

Kupanga taimingi ndiko kunakotisha wanafunzi wengi. Kwodi nyingi ndogo za Kichina hutumia injini ya aina ya GY6, basi nitaeleza hiyo. Kamshafti huzunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili, ndiyo maana sproketi ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini. Zungusha magineti mpaka alama yake ya T, inayoonyesha pistoni iko juu kabisa, ilingane na alama ya kwenye bodi. Sproketi ya juu ina matundu mawili madogo na moja kubwa: madogo yalale sambamba na uso wa hedi, kubwa litazame juu, upande wa kifuniko. Roka zote mbili, mikono inayosukuma valvu, zicheze kidogo ukizishika. Zikikaza, hauko kwenye kompresheni, pale valvu zote zinapokuwa zimefungwa.

Wakati wote huo funga cheni kwa waya isidondoke. Kranki ikizungushwa cheni ikiwa imelegea, hujikunja chini na kukwama. Ziba njia ya cheni kwa kitambaa safi pia. Nimewahi kuangusha bolti humo, na sitaki ikupate wewe.

Tenshena irudishe ndani kabla ya kuifunga: toa bolti ndogo ya katikati, zungusha kwa bisibisi nyembamba kufuata mwendo wa saa, ishikilie, kaza bolti mbili za pembeni, ndipo uachie. Ukiifunga ikiwa imejitokeza, unaikaza cheni kupita kiasi na unaweza kuvunja reli.

Sasa toa plagi, zungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya kranki, polepole. Ikigonga kitu, simama hapohapo. Usilazimishe kwa spana wala kwa stata. Ikipita vizuri, rudi kwenye T, tazama matundu tena, kisha pima nafasi kati ya roka na valvu kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia), injini ikiwa baridi.

Ikishawaka, iache iungurume polepole kwa dakika chache bila kuivuta mafuta. Baada ya safari ya kwanza fupi, mwaga oili ile kwenye beseni jeupe na uitazame juani. Ukiona chembe za chuma zinang'aa, huenda kuna kipande ulichokiacha ndani.