Shangazi, mume wangu anataka kubadili jina la ukoo na baba mkwe amesusa

Mwanangu wa New Jersey, pole kwanza. Barua yako nimeisoma nikaiweka pembeni nikairudia tena, maana kuna kitu umekipitisha harakaharaka katikati na mi naona ndo kesi yenyewe.

Wasomaji wengine wajue kwa ufupi. Huyu ni mtu wa Tanga, kaolewa na Myahudi, mume kaletwa Marekani akiwa mdogo toka Odessa, mji wa Sovieti ya zamani, leo Ukraine, mwaka 1979, sahivi ni wakili ofisi kubwa ya Manhattan. Baba mtu kule alikuwa injinia, kufika Brooklyn akaishia kuendesha teksi mpaka kustaafu, mama akawa anashonea watu nguo. Sasa mume anataka aende mahakamani afupishe jina la ukoo lisikike la kizungu, lake na la watoto, kabla kijana hajaombewa shule ya gharama. Mzee kasikia, kaapa hakanyagi kwenu. Na mwaka jana wakubwa wa ofisini walivyoalikwa chakula, mume aliwaambia wazazi wake wasije siku hiyo, kisa Kiingereza cha mzee.

Hapo kwenye chakula ndo pana kidonda, mama. Jina limekuja kutonesha tu.

Mzee katoka nchi ambayo kitambulisho kilikuwa na mstari wa 5 wa kuandika utaifa, na Myahudi aliandikwa Myahudi hata kama kazaliwa hapohapo na babu yake kazikwa hapohapo. Mstari ule ulifunga milango ya vyuo na vyeo, mpaka wakawa na utani wao kwamba fulani ana ulemavu wa mstari wa tano. Mwaka ule wa 1979 Wayahudi waliotoka Sovieti walipita 50,000, wanashukia Vienna, wengi wanapelekwa Roma kusubiri viza, mtu na shahada yake anakaa tu hajui kesho. Jina alilobeba njia yote hiyo leo mwanae analiona refu kwenye fomu ya shule! Angekuwa baba yangu angenuna zaidi ya hapo.

Ila na mumeo nae tumsikilize, maana umeandika mwenyewe kwamba kila siku alikuwa anaambiwa soma, usiwe kama mimi, ongea kama Wamarekani. Mtoto kasikia, kafanya. Alivyofika huko juu kageuka, baba kaonekana wa chini, na ngazi aliishika baba mwenyewe. Wala hajaanzisha yeye hili la majina. Watu hupenda kusema majina ya Wayahudi yalikatwa na maofisa wa Ellis Island, kituo cha zamani cha kupokea wahamiaji New York, si kweli, wengi walienda mahakamani kwa miguu yao, hasa miaka ya 1930 na 1940 pale New York, kwa sababu vyuo na waajiri walikuwa wanawachuja kwa jina. Walikuwa na njaa ya kazi. Mumeo kazi anayo tayari, ndo maana mi simuungi mkono, lakini ni mtu mzima, jina lake aende nalo akitaka.

La watoto ni lenu wote wawili, usisaini. Muulize kwanza huyo kijana, ana miaka 13, kwa dini ya babu yake huo ndo umri wa kuhesabiwa mkubwa, halafu nyie mnamjazia fomu kama katoto ka chekechea.

Safu kama hii, gazeti la New York la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, liitwalo Forverts, lilianza kuiandika 1906 chini ya mhariri Abraham Cahan, na wazazi walikuwa wanaandika mambo hayahaya ya watoto kuwaonea aibu. Kwa hiyo usijione una mkosi, ila ile kazi ya kubeba maneno ya huyu kumpelekea yule iache kabisa, mkwe akiwa tarishi siku wakipatana lawama zote zinamrudia yeye. Mwambie mumeo kitu kimoja tu, akamwombe baba yake radhi kwa kile chakula, aende mwenyewe kwa wazazi wake Brighton Beach, asitume meseji, na jina asilitaje kabisa siku hiyo. Na mzee mwambie kwa heshima zote, baba, mwanao hajawahi kusikia habari za mstari wa tano toka mdomoni mwako, msimulie. Nasema hivyo maana naona habari hizo wewe mkwe umezijua kabla ya mumeo.

Hapo ndo nacheka kidogo, mzee aliyekataa usiolewe pale leo anakupigia wewe simu usiku kulalamika! Umeuliza kama umwambie mumeo kwamba mnaongea. Mwambie leoleo, kabla hajakuta mwenyewe kwenye simu yako.