Mama ana saratani ya titi, nimfuate nani hospitalini? Mtafute nesi anayeshika mafaili

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Umesema ndani ya wiki tatu mama ameonwa na madaktari wanne, kila mmoja ameandika lake, na hujui umsikilize nani. Mwaka 2019 nilikuwa papo hapo ulipo, na mama yangu mzazi, titi la kushoto. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Mfuate nesi. Namaanisha yule wa kliniki ya saratani, anayeshika mafaili na kupanga tarehe.

Sisi tulichelewa kulijua hilo. Mama alichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, katika hospitali moja ya huko kusini, tukaambiwa tutapigiwa simu majibu yakitoka. Wiki saba kimya. Daktari wa upasuaji alijua majibu yapo maabara, maabara wakasema yalishatoka, mapokezi hawakuwa na habari. Kila mmoja alikuwa amemaliza kazi yake, na uvimbe nao ukaendelea na yake.

Tulipopewa rufaa ya Dar tukakutana na sista mmoja mtu mzima. Alitandaza makaratasi yetu yote mezani, akayasoma moja moja. Akamuuliza mama amefikia kwa nani, nani anampikia, na simu anaweza kuitumia mwenyewe. Kisha akagundua kwamba majibu ya kinyama hayana kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani inalishwa na homoni, wala cha HER2, protini inayoweza kuchochea saratani ikue. Bila kipimo cha vipokezi daktari asingejua kama tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, ingemfaa mama. Akaniandikia barua, nikapanda basi kurudi kukifuata kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta. Eko ya moyo, kipimo cha picha cha kuona moyo unavyofanya kazi, ambayo hutakiwa kabla ya dawa nyekundu (doxorubicin, dawa ya saratani inayoweza kuumiza moyo), akaipanga siku moja na kipimo cha damu ili mama asije mara mbili.

Mpango wa matibabu aliuandika kwenye daftari la shule: dripu nne za dawa nyekundu, kila baada ya siku 21, kisha paclitaxel, dawa nyingine ya saratani, kisha upasuaji, mwisho mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Ukurasa wa mwisho akabandika barua yenye muhuri: huyu ni mgonjwa wa tibakemia (dawa za kuua saratani), akipata homa ya 38 au zaidi aanzishiwe antibaotiki za mshipa ndani ya saa moja, majibu ya damu yasisubiriwe.

Siku ya kumi baada ya dripu ya pili, saa nane usiku, mama akawaka moto. Hospitali ya karibu na nyumbani daktari wa zamu akaanza na malaria, na simlaumu sana, kwetu homa ni malaria kwanza. Akataka kutupa panadol turudi nyumbani. Nikafungua daftari. Akaisoma barua, akampigia sista, na mama akatundikiwa dawa muda huo huo. Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zilikuwa karibu zimekwisha. Mpaka leo nikilishika lile daftari mikono inanitetemeka.

Tangu hapo sista akataka damu ipimwe huku huku kwetu siku mbili kabla ya safari, nimtumie picha ya majibu, amwonyeshe daktari. Dripu ya tatu ikaahirishwa wiki moja kwa njia hiyo. Songea hadi Dar ni kutwa nzima ndani ya basi. Fikiria mtu asiye na kinga akae humo, akifika aambiwe rudi.

Lingine ni hili, na kwa mama zetu ni kubwa. Daktari akimuuliza unaendeleaje, mama anajibu, "Nzuri tu, mwanangu." Kila mara nzuri. Kumbe ile paclitaxel ilikuwa imemtia ganzi vidoleni. Sista aliiona alipomtazama akihangaika kufunga vifungo vya blauzi. Alimpeleka kwa daktari mwenyewe, dozi ikapunguzwa. Ni sista huyo huyo mama aliyemwambia kwamba jirani amemletea dawa ya mizizi na anaificha chini ya kitanda. Mimi mwanawe sikuambiwa.

Kuna jambo linaniuma. Simu zote zile alipiga kwa vocha yake, nyingine akiwa ameshatoka kazini. Kazi ya kuunganisha madaktari, maabara na nyumba ya mgonjwa haikuwa imeandikwa popote kwenye zamu yake. Hospitali ikiweza kununua dawa za saratani, imnunulie nesi huyu simu na kumpa muda wa kuitumia. Nalisema hili kila ninapopewa nafasi.

Kwa hiyo kesho wahi kabla ya foleni kuwa ndefu, na uende na makaratasi yote, hata yale unayodhani hayana maana. Uliza kliniki: "Sista gani anafuatilia faili la mama?" Ukimpata, mwombe akuandikie mpango mzima kwa tarehe, na muulize homa ikija usiku mwende wapi na mwoneshe nini. Usimwombe abadilishe dawa, hilo ni la daktari. Namba yake iandike ndani ya jalada la daftari, na daftari likae kwa anayelala na mama.