Ngozi inatoka kama chokaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta, na sasa nanakili ile picha ya Fragonard, mchoraji Mfaransa wa karne ya 18, ya msichana anayesoma kitabu. Gauni la njano limenikubali, ila uso umekuwa kama umepakwa chokaa. Nikiongeza nyekundu, anakuwa kama kaungua jua. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Nyekundu umeionea bure, mkosaji ni nyeupe. Hii nyeupe ya titani tunayonunua madukani ina nguvu sana, tena ni baridi. Fragonard, mnamo 1769, alikuwa na nyeupe ya madini ya risasi, ambayo ni pole zaidi na ina ujoto kidogo. Usiitafute, ni sumu. Wewe kila unapochovya nyeupe, ifuatishe na oka ya manjano (rangi ya udongo) kidogo.

Halafu nadhani umeanzia kwenye turubai jeupe. Juu ya weupe ule kila rangi huonekana nzito, basi mkono unazidi kuongeza nyeupe. Paka kwanza amba (rangi ya kahawia ya udongo) iliyozimuliwa kwa tapentaini, iache ikauke, kisha ujenge uso mzima kwa amba na nyeupe tu mpaka mwanga na kivuli vikae sawa. Rangi ya ngozi ije baadaye.

Siri ya ngozi za Rokoko, mtindo wa enzi ya Fragonard, iko pale mwanga unapokutana na kivuli: kwenye paji la uso pembeni, chini ya taya. Hapo weka kijivu cha nyeusi, nyeupe na oka. Kwenye kibao cha kuchanganyia rangi kinachusha, lakini kikikaa jirani na shavu la joto jicho hukiona cha buluu, na shavu linapata damu bila kuongezwa nyekundu.

Usipime kwa simu, kioo chake kinang'aa mno. Chapisha picha, ifunike kwa nailoni angavu, paka rangi juu yake kwa kisu ulinganishe. Ukishapaka kwenye turubai, usilainishe kwa brashi kavu. Fragonard aliacha mipigo yake ionekane. Nyuma ya picha yake nyingine, ya mfadhili wake Abate wa Saint-Non, imeandikwa kuwa aliichora kwa saa moja. Hilo lisikutie haraka.

Kuhusu ile kola yenye marinda: hakuichora yote kwa nywele za brashi. Aligeuza brashi akakwangua rangi mbichi kwa ncha ya mpini. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, rangi ikiwa bado haijashika.